Dar es Salaam hadi Bagamoyo na Kurudi kwa Baiskeli: Mwongozo Kamili wa Asubuhi Mbili

Waendesha baiskeli wengi niliowasindikiza katika safari ya Bagamoyo walishindwa mahali palepale na wakati uleule: kati ya Kiromo na Mapinga, wakiwa njiani kurudi, baina ya saa tano asubuhi na saa nane mchana. Kwenda walikwenda vizuri, tena wengine kwa kasi waliyoishangaa wenyewe. Kisha jua likawa utosini, upepo ukawageukia, maji yakaisha, na baiskeli zikapakiwa kwenye basi la kwanza lililokubali kuzibeba.

Sababu haikuwa udhaifu wa miguu. Kutoka Mwenge hadi Bagamoyo ni takriban kilomita 60, na kutoka katikati ya jiji ni karibu 70, umbali ambao mtu mwenye afya anaweza kuuzoea ndani ya wiki chache. Kosa lilikuwa kuipanga safari kwa kuhesabu kilomita pekee, bila kuhesabu jua na upepo. Mwongozo huu unaipanga upya: unaondoka Jumamosi alfajiri, unalala Bagamoyo, na unarudi Jumapili alfajiri, ili sehemu kubwa ya kazi ifanyike kabla ya saa nne asubuhi katika siku zote mbili.

## Vitu vinavyohitajika

Baiskeli yoyote yenye gia na breki mbili zinazoshika inafaa, iwe ya mbio au ya milimani iliyowekewa matairi laini. Baiskeli isiyo na gia inaweza kufika, lakini vilima vya Boko na Bunju vitakugharimu nguvu utakazozihitaji baadaye.

- Tyubu mbili za akiba, viraka, solusheni, msasa, pampu ndogo na vijiti vya kubandulia tairi.
- Spana za baiskeli yako, na kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani iwapo tairi litachanika.
- Kofia ngumu, taa nyeupe ya mbele, taa nyekundu ya nyuma, na fulana ya kung'aa.
- Chupa mbili za maji zenye ujazo wa angalau mililita 750 kila moja.
- Suruali fupi yenye sifongo ya kukalia, na mafuta mazito ya mgando.
- Sukari na chumvi zilizofungwa katika vifuko viwili, simu iliyojaa chaji, kitambulisho, na fedha taslimu za noti ndogo.

Kuhusu tyubu, nasisitiza jambo moja. Baiskeli nyingi za mbio zina vali nyembamba, ilhali mafundi wa njiani huweka akiba ya tyubu zenye vali nene au zile za baiskeli kubwa za mizigo. Niliwahi kukaa Kiromo saa nzima nikiwa na tyubu mpya mkononi ambayo vali yake haikuingia katika tundu la rimu, kwa sababu niliinunua bila kuifungua kwenye boksi. Ifungue dukani, ipitishe kwenye rimu, uijaze upepo, ndipo ulipe.

## Hatua ya 1: Uujue upepo kabla ya kuchagua tarehe

Pwani yetu ina pepo mbili kuu. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia takriban Aprili hadi Oktoba, na Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia takriban Desemba hadi Machi. Bagamoyo iko kaskazini-magharibi ya Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba wakati wa Kusi upepo unakusukuma mgongoni unapokwenda na kukupiga kifuani unaporudi, na wakati wa Kaskazi unakupiga ubavuni pande zote mbili za safari.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Mtu anafika Bagamoyo mwezi Agosti akiwa hajachoka, anadhani mazoezi yamemkolea, na anageuza baiskeli saa tano asubuhi, wakati Kusi imekwisha kupata nguvu. Hesabu yake ni hii: anayekwenda kilomita 20 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 15 kwa saa anakutana na hewa kama mtu anayekwenda kilomita 35 kwa saa mahali pasipo upepo, na nguvu ya hewa inayomzuia huwa mara tatu ya ile ambayo angekutana nayo kwa mwendo uleule siku tulivu. Hakuna uji wala chapati inayoweza kufidia mara tatu hiyo kwa kilomita 60.

Dawa yake ni asubuhi. Usiku nchi kavu hupoa na upepo wa baharini hulegea. Huanza kujikusanya tena jua linapopanda na ardhi inapopata joto. Kabla ya saa tatu asubuhi, siku nyingi, hata Kusi huvuma kwa upole.

Chagua mwisho wa juma kati ya Juni na Septemba. Mvua za masika zimekwisha, za vuli hazijaanza, na joto la alfajiri linavumilika. Januari na Februari safari inawezekana, lakini jua ni kali na upepo wa ubavuni huchosha mikono, hasa lori linapokupita, likaukinga upepo kwa sekunde mbili, kisha ukakurudia ghafla. Aprili na Mei usijaribu: kingo za lami huwa na mashimo yaliyofunikwa na maji, na shimo usiloliona ndilo linalopinda rimu.

Ili kuhakikisha, nenda ufukweni au juu ya ghorofa siku tatu mfululizo saa kumi na mbili asubuhi na tena saa sita mchana, utazame minazi. Ukishauona kwa macho yako mwenyewe utofauti wa nyakati hizo mbili, hutahitaji mtu wa kukushawishi uamke mapema.

## Hatua ya 2: Iandae baiskeli wiki mbili kabla

Wiki mbili zinatosha kugundua kasoro na kuirekebisha bila haraka. Anayekwenda kwa fundi jioni ya Ijumaa huondoka na waya wa breki ambao haujakaa sawa.

Anza na kiti, kwa sababu kiti kilicho chini mno ndicho chanzo cha maumivu mengi ya magoti. Kaa juu ya baiskeli ukiegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka kabisa bila nyonga kulala upande mmoja. Ukiweka sasa sehemu pana ya unyayo juu ya pedali, goti litabaki limejikunja kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kisha matairi. Kiwango cha juu cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, nacho si lazima kifikiwe. Kwa mtu wa uzito wa wastani, tairi la upana wa milimita 28 linahitaji karibu paundi 80 kwa inchi ya mraba, na la milimita 32 karibu paundi 60. Tairi lililojazwa mno hurukaruka juu ya matuta ya rasta na kuchosha mgongo. Lililolegea hugongesha tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiyaona matundu ya namna hiyo, usilaumu mwiba, ongeza upepo.

Safisha cheni kwa kitambaa, itie mafuta tone moja kwa kila kiungo, kisha uifute tena, kwa kuwa mafuta yanayobaki nje hukamata mchanga na kusaga meno ya gia. Kaza breki hadi mkono wa breki usiguse usukani hata ukiubana kwa nguvu zote. Zungusha kila gurudumu na usikilize: sauti ya mkwaruzo inayorudi kila mzunguko ni rimu iliyopinda au spoki iliyolegea, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kazi imekamilika pale utakapoendesha kilomita 20 jijini bila kusimama kurekebisha chochote.

## Hatua ya 3: Jipime kwa kilima cha Kisarawe

Wanaofanya mazoezi Masaki na Oysterbay peke yake hufika Boko wakiwa hawajawahi kupanda kitu chochote. Barabara ya Bagamoyo haina mlima, lakini ina mawimbi ya ardhi yanayopanda na kushuka mara nyingi, na jumla yake ndiyo inayomchosha mtu. Mahali pazuri pa kujifunza kupanda ni vilima vya Pugu.

Fuata Barabara ya Nyerere, pita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto, hadi Pugu Kajiungeni, njia inapogawanyika: moja inakwenda Chanika, nyingine inapanda kwenda Kisarawe. Shika ya Kisarawe. Utapita katika eneo la msitu wa hifadhi, hewa itabadilika na kuwa ya ubaridi, na barabara itaanza kupanda kwa kona. Kwa mtu wa milimani kipando hiki ni kidogo, maana vilima hivi haviendi mbali zaidi ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, lakini kwa sisi wa pwani kinatosha kufundisha kila kinachohitajika. Karibu na hapo ndipo ilipo shule ya Pugu, alikofundisha Mwalimu Julius Nyerere kabla ya kujiuzulu mwaka 1955, na sijawahi kukipanda kilima hicho bila kumkumbuka.

Nenda Jumapili tatu mfululizo, alfajiri, na kila mara ujifunze jambo moja.

Jumapili ya kwanza, gia. Badilisha gia kabla kipando hakijaanza, wakati cheni bado haijabeba mzigo. Ukisubiri hadi miguu ielemewe, cheni itaruka au itakwama, na utaanguka ukiwa karibu umesimama. Hesabu mizunguko ya mguu wa kulia kwa nusu dakika: kati ya 35 na 45 ni sawa. Ikishuka chini ya 30, gia ni nzito mno, na magoti ndiyo yanayolipa.

Jumapili ya pili, pumzi. Panda kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo; ukitoa neno mojamoja, punguza. Kipimo hiki kinafanya kazi kila mahali na hakihitaji saa ya bei kubwa.

Jumapili ya tatu, mteremko. Hiki ndicho kinachojeruhi watu, kuliko kupanda. Punguza mwendo kabla ya kona kwa breki zote mbili, ziachie ukiwa ndani ya kona, na pedali ya upande wa nje iwe chini. Ukibana breki katikati ya kona juu ya mchanga uliotapakaa, gurudumu la mbele litakuponyoka kabla hujajua. Tazama mahali unapotaka kwenda, kwa kuwa baiskeli hufuata macho.

Uko tayari kwa Bagamoyo ukishaweza kupanda kutoka Kajiungeni hadi Kisarawe mjini bila kushuka, kurudi nyumbani, na kesho yake kwenda kazini miguu ikiwa na uchovu lakini bila maumivu ya goti. Kama goti linauma, rudi Hatua ya 2, kwenye kiti.

## Hatua ya 4: Siku ya Ijumaa

Kunywa maji mchana kutwa, kidogokidogo, hadi mkojo uwe na rangi hafifu. Maji mengi ya ghafla saa nne usiku hayakusaidii chochote isipokuwa kukuamsha. Kula wali, ugali au viazi na kitoweo cha kawaida, uache pilipili na vyakula vigeni.

Tengeneza kinywaji cha njiani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pima kwa uangalifu, kwa sababu chumvi ikizidi ina madhara. Jaza chupa moja kwa mchanganyiko huu na nyingine kwa maji matupu, kwa kuwa maji matupu utayahitaji pia kichwani na shingoni.

Mpigie mwenyeji wa Bagamoyo uhakikishe chumba, na umuulize waziwazi kama baiskeli italala ndani. Nyumba za wageni nyingi hukubali ukiomba kwa heshima mapema. Ukifika nayo mlangoni ukiwa na matope, jibu linaweza kuwa jingine.

## Hatua ya 5: Mwenge hadi Tegeta, kabla hakujapambazuka

Ondoka Mwenge saa 11:45 alfajiri. Kati ya Juni na Septemba jua huchomoza baina ya saa 12:10 na 12:40, kwa hiyo kilomita hizi 13 za kwanza utazipita gizani na katika mwanga hafifu, na lengo ni mapambazuko yakukute Tegeta. Washa taa zote mbili, hata penye taa za barabarani.

Sehemu hii ina njia nyingi na ni tambarare kiasi, lakini ndiyo hatari kuliko zote kwa sababu ya daladala. Daladala inayokupita na kuwasha taa ya kushoto itasimama mbele yako baada ya mita chache. Usijaribu kuiwahi kwa kupita kati yake na ukingo, maana abiria atashuka juu yako. Punguza, tazama nyuma, kisha pita kulia kwake ukiwa umeacha nafasi ya mlango mzima. Penye barabara ndogo ya pembeni itumie, ukijihadhari na bodaboda zinazokuja kinyume bila taa. Ujenzi wa njia za mabasi yaendayo haraka unaweza kuwa umebadilisha mikondo, basi pita hapo kwa gari siku chache kabla.

Usikimbie. Anayefika Tegeta akihema amekwisha kuiharibu safari yake.

## Hatua ya 6: Tegeta hadi Mto Mpiji

Kuanzia Tegeta barabara hubanwa, na malori ya saruji na kokoto huwa mengi. Endesha umbali wa takriban nusu mita hadi robo tatu ya mita kutoka ukingo wa lami. Ukijibana ukingoni kabisa, dereva ataona nafasi ya kukupita hata lori jingine linapokuja mbele, na wewe hutakuwa na mahali pa kukimbilia isipokuwa mchangani. Ukiwa na nafasi kidogo upande wa kushoto, una pa kusogea.

Mkiwa wengi, fuataneni mmoja nyuma ya mwingine, watu wasiozidi wanne katika kundi, na wa mbele aite kila shimo na kila tuta kwa sauti. Wa nyuma haoni chochote isipokuwa mgongo.

Baada ya Boko ardhi inaanza kupanda na kushuka. Hapa tumia ulichojifunza Kisarawe: gia mapema, pumzi ya sentensi nzima. Kosa la kawaida ni kunyonga kwa nguvu katika mteremko ili kupata kasi ya kupandia kilima kinachofuata. Kwa kilima kimoja inasaidia. Kwa vilima kumi inamaliza miguu. Teremka ukiwa umelegeza mabega, unywe maji, na uache baiskeli ijitembeze.

Meza maji kila baada ya dakika 15, uwe una kiu au huna, ili kwa saa moja utimize kati ya nusu lita na robo tatu ya lita. Kiu huchelewa kuliko ukosefu wa maji wenyewe.

Simama Bunju dakika 15. Kula vitumbua viwili au chapati na ndizi, jaza chupa, gusa matairi kwa kidole gumba. Kisha teremka hadi daraja la Mto Mpiji, mpaka wa Mkoa wa Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani. Ukifika hapo kabla ya saa mbili asubuhi ukiwa bado unaweza kuzungumza na mwenzako bila kukatika, mambo yako yamekaa sawa. Ikiwa ni baada ya saa tatu, au umekwisha kusimama mara tatu kwa uchovu, geuka. Jiji bado li karibu, na Bagamoyo haihami.

## Hatua ya 7: Mapinga hadi Bagamoyo

Sehemu hii ndiyo zawadi ya safari. Magari hupungua, minazi na miembe husogea barabarani, na vijiji vya Kerege, Zinga na Kiromo hufuatana kwa vipando vifupi na miteremko mirefu. Watoto watakusalimia, itikia, ila usiachie usukani kwa mikono yote miwili.

Jihadhari na mambo mawili. La kwanza ni matuta ya vijijini, ambayo mengine rangi yake imefutika. Inua makalio kitini, kunja viwiko na magoti, uyaache magurudumu yapite peke yake. La pili ni jua la upande wa kulia linaloanza kuchoma baada ya saa mbili na nusu: mwagia maji shingoni kabla hujahisi joto.

Mtu akianza kuhisi kichefuchefu, kizunguzungu au baridi juani, asimamishwe papo hapo, alazwe kivulini, alegezwe nguo, amwagiwe maji na kupepewa. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, si suala la kupumzika tena. Tafuta gari la kumpeleka kwenye kituo cha afya mara moja. Namba ya dharura ni 112.

Ukiwa umefuata saa zilizotajwa utaingia Bagamoyo kabla ya saa nne, na upepo wa nyuma ukiwa umekusaidia bila kukudanganya.

## Hatua ya 8: Mchana wa Bagamoyo

Kwanza kunywa dafu, kisha kula mlo kamili ndani ya saa moja: wali, samaki, maharage, matunda. Misuli hurudisha nguvu haraka zaidi muda huo, na kesho unaihitaji. Oga, badilisha nguo, lala saa moja. Suruali ya kuendeshea ifuliwe na kuanikwa mapema, kwa maana iliyobaki na jasho kavu itakuchubua Jumapili.

Alasiri jua likipoa, tembea au endesha polepole. Magofu ya Kaole yako karibu kilomita tano kusini-mashariki ya mji; palipo na mchanga mwingi shuka usukume, usilazimishe matairi membamba. Msikiti wa zamani zaidi pale unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo yaliyouzunguka yanastahili nusu saa ya ukimya. Mjini, misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 ina makumbusho na mnara wa kanisa la zamani, ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Boma la Wajerumani la mwaka 1897 na nyumba za Mji Mkongwe zenye milango ya kuchonga ziko umbali wa kutembea. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na vaa nguo za heshima: suruali ya kuendeshea si vazi la kuingilia msikitini wala kanisani.

Usitembee zaidi ya saa mbili. Watu waliofika wakiwa wazima wamewahi kujimaliza kwa kuzunguka magofu mchana kutwa.

Kabla ya kulala kagua tairi zote mbili kwa vidole, utoe vipande vya chupa na miiba. Mwiba ulioingia leo hutoboa kesho.

## Hatua ya 9: Kurudi Jumapili

Toka Bagamoyo kunapoanza kupambazuka, si kabla, kwa kuwa barabara hii haina taa kama ile ya Mwenge. Kula kidogo: ndizi mbili na chai yenye sukari zinatosha kukufikisha Kerege, na hapo ule vizuri.

Sasa upepo uko mbele yako, ingawa bado ni mpole. Inamisha kifua, kunja viwiko, shika usukani chini, na ukubali mwendo ulio chini ya wa jana kwa kilomita tatu hadi tano kwa saa. Usiipambanie kasi ya jana, maana sehemu yake ilikuwa ya Kusi. Mkiwa wawili au zaidi, mfuateni anayetangulia kwa karibu, gurudumu la mbele likiwa mita moja nyuma ya gurudumu lake la nyuma, na mbadilishane kila baada ya dakika tano. Anayefuata huokoa nguvu nyingi, lakini asiwahi kupishanisha gurudumu lake na la mwenzake, kwa kuwa wakigusana ni yeye anayeanguka.

Kipando cha kutoka Mto Mpiji kwenda Bunju kitaonekana kirefu kuliko mteremko wake wa jana. Tumia gia nyepesi kuliko zote na usione haya kushuka na kusukuma. Dakika tano za kutembea huokoa saa nzima ya mbele. Bunju pumzika, jaza maji, kisha ingia Tegeta na Mwenge huku magari ya Jumapili asubuhi yakiwa bado machache. Ukikwama popote, mabasi ya Bagamoyo yanayokwenda Makumbusho hupita njia hiyohiyo. Patana nauli ya baiskeli kabla haijapandishwa, na uitandikie kitu chini ili gia zisipinde.

Wapo watakaotaka kufanya yote kwa siku moja. Wanaostahili kujaribu ni waliokwisha kuifanya safari ya asubuhi mbili angalau mara mbili, na wanaoweza kugeuka Bagamoyo saa 2:30 asubuhi bila kukaa. Asiyeweza kufika kwa saa hiyo atakutana na Kusi yote na jua lote, na alale.

Ukifika nyumbani, kabla ya kuoga, mimina maji safi juu ya baiskeli, yasiwe ya presha karibu na bearingi. Chumvi ya hewa ya pwani na jasho lililodondokea usukani huanza kula skrubu na cheni usiku huohuo. Ikaushe, futa cheni, itie mafuta, kisha pitisha mkono kwenye spoki moja baada ya nyingine: inayocheza, ifungie uzi mwekundu ili fundi aione Jumatatu.